Bi Mosi Ajifunza Kulala

Ukipanda Bigwa, pale nyumba zinapoanza kuegemea mlima, utaona kibaraza chenye cherehani nyeusi na benchi refu la mbao. Hapo ndipo kwa Bi Mosi. Anashona sare za shule, madera, magauni ya harusi kwa wasio na haraka, na suruali za wanaume walionenepa ambao hawataki kukubali kwamba wamenenepa. Mshono wake hauna maneno. Lakini benchi lile halijawahi kukaliwa na wateja peke yao. Siku yoyote utakayopita, nusu ya waliokaa wana vitambaa mapajani, na nusu nyingine wana kesi.

Ilianza taratibu, miaka mingi nyuma. Mtu anayepimwa kifua husimama ameinua mikono kama aliyekamatwa, na akiwa katika hali ile siri humtoka zenyewe. Mmoja alisema mkewe kanuna wiki nzima. Mwingine alisema shemeji yake kausogeza uzio. Bi Mosi alikuwa akisikiliza huku ana pini mdomoni, na mwenye pini mdomoni hawezi kumkatiza mtu. Watu wakadhani ni busara. Pini zikishatoka aliuliza swali moja tu, fupi, na mara nyingi lilikuwa swali lenyewe. Habari zikasambaa. Mtaa ukajua kwamba ukitaka ugomvi wako usikilizwe hadi mwisho, nenda kwa fundi.

Naye, tuseme kweli, alipenda. Alipenda pale watu wawili waliokuja wakitazama pande tofauti wanapoondoka wakibembelezana, kila mmoja akitaka mwenzake atangulie kupita mlangoni.

Tatizo ni kwamba kesi hupenda usiku. Mchana watu wana shughuli zao, ugomvi unakaa pembeni unaiva. Wakishakula, wakishaoga, wakishakosa la kufanya, ndipo mtu anakumbuka alivyotukanwa asubuhi. Basi baada ya swala ya isha geti la Bi Mosi lilikuwa linagongwa. Anayegonga anakaribishwa, na mkaribishwa hakai bila chai. Chai yenyewe ya rangi, imekolea majani na tangawizi hadi inawasha koo. Kila kesi na kikombe chake, kwa mgeni na kwa mwenyeji. Wakiondoka wa barazani, wanaanza wa simu. Na chakula cha jioni? Hicho kilikuja mwisho wa yote, dagaa wakavu wenye chumvi yao na ugali uliopoa, kisha moja kwa moja kitandani.

Kitandani nako kazi iliendelea. Bi Mosi alilala chali, macho kwenye dari, akisikiliza rufaa. Kesi aliyoiamua saa tatu aliifungua upya. Je, yule kijana alisema alirudisha lile jembe kabla ya mvua au baada ya mvua? Na kama ni baada, mbona mpini haukuwa na tope? Aligeuka kushoto, akageuka kulia, akavuta shuka, akalirudisha.

Pembeni yake alilala Hafidhi, mumewe, ambaye Mungu alimjalia usingizi kama wengine wanavyojaliwa sauti nzuri. Hafidhi alikuwa dereva wa lori la matunda, akishusha ndizi na machungwa kutoka Kinole hadi mjini, na alijifunza zamani kulala popote gari linaposimama. Siku hizi amestaafu, kipaji kimebaki. Akiweka kichwa kwenye mto anasema, "Haya, Mama Yasmin, alfajiri njema," na kabla hujamjibu anakoroma. Miaka yote ya ndoa yao Bi Mosi hakuwahi kumwonea mumewe wivu kwa mwanamke yeyote. Aliuonea wivu ule usingizi.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa hadi siku lile shati liliporudishwa.

Lilikuwa shati la sare, jeupe, limepigwa pasi likapigika. Mama wa mtoto alilikunjua juu ya benchi mbele ya watu, akamwambia Bi Mosi kwa adabu kabisa, "Samahani fundi. Mwanangu alivae akiwa anakwenda shule au akiwa anarudi?"

Bi Mosi alishusha miwani. Shati lilikuwa na mikono miwili, yote ya kushoto.

Benchi lote likacheka. Hata Bi Mosi alicheka, lakini kicheko kilimpiga kisogoni. Kichwa kilikuwa kinamgonga tangu asubuhi, na asubuhi ya jana, na ya juzi, na yeye alikuwa anasingizia miwani. Hafidhi, ambaye alikuwa kwenye mkeka akijifanya amelala, akafumbua jicho moja.

"Mama Yasmin, kavae kanga ya kutokea. Tunakwenda zahanati."

"Nina kazi."

"Kazi gani? Ya kushona watu wenye mikono ya kushoto?"

Wakaenda.

Nesi aliyewapokea anaitwa Eufrazia, binti mpole wa sura lakini si mpole wa kauli. Alimkalisha Bi Mosi kwenye kiti, miguu chini, mgongo umeegemea, akamwambia apumzike kidogo kabla ya kupimwa. Kisha akamfunga kile kitambaa cha mashine mkononi. Bi Mosi akaanza kumuuliza kwao wapi, ameolewa, na yule mama aliyetoka pale nje akilia ana nini.

"Mama, nakuomba unyamaze kidogo."

"Nimenyamaza, mwanangu. Nauliza tu."

"Ukiongea mashine inapanda. Inasoma na maneno."

Bi Mosi akafunga mdomo. Eufrazia alipima, akatazama. Akasubiri, akapima tena mkono ule ule, akapima na wa pili. Mia na sabini na kitu kwa mia moja na kitu. Akamuuliza kama kuna siku amewahi kupimwa presha. Bi Mosi akasema presha ni ya watu wenye mawazo, yeye mawazo hana, ana ya watu tu.

Akapelekwa kwa daktari, akaulizwa mengi, akaambiwa arudi kupimwa tena siku nyingine. Aliporudi mashine ikasema yale yale, na alipoondoka safari hiyo alikuwa na kidonge cha kumeza kila siku na maelekezo ya kupunguza chumvi. Alidhani yamekwisha. Lakini Eufrazia alimshika mkono mlangoni.

"Mama, unalala saa ngapi?"

"Mimi kulala nalala mapema. Usingizi ndio unaochelewa kufika."

"Unachelewa wapi?"

Hafidhi akamjibia. "Unasubiri foleni, nesi. Mbele yake kuna kesi."

Eufrazia hakucheka. Akavuta kiti. "Usiku ndio wakati presha inatakiwa ishuke, moyo na mishipa vipumzike. Wewe hujaipa nafasi ya kushuka. Unaipandisha na chai, unaipandisha na simu, unaipandisha na ugomvi wa watu, halafu unailaza na dagaa wa chumvi. Dawa nimekupa. Usingizi siwezi kukupa kwenye mfuko. Huo utautafuta mwenyewe."

Akamwambia apange saa maalumu ya kulala, iwe hiyo hiyo kila siku, na ya kuamka vivyo hivyo. Chai kali iishie mchana. Ale mapema, ale kidogo. Simu isilale chumbani. Taa zipunguzwe, aoge maji ya vuguvugu, na akishalala avute pumzi taratibu kwa pua na kuitoa taratibu zaidi kwa mdomo, hadi mabega yashuke.

"Na kesi?" aliuliza Bi Mosi.

"Kesi nazo ni chai kali," alisema Eufrazia.

Usiku ule Bi Mosi alijitayarisha kama anayesafiri. Alikula mapema, akaoga, akavaa kanga safi, akazima taa saa tatu barabara, akalala. Alilala kama gogo, yaani kwa maana ya gogo lililotupwa: limekakamaa, halina amani. Akaanza pumzi. Akavuta, akahesabu nne. Akatoa, akahesabu sita. Nne na sita ni kumi. Mita kumi za kitambaa cha sketi zinatoa sketi ngapi za wasichana wa kidato cha kwanza? Wakati Hafidhi anaingia kulala, Bi Mosi alikuwa ameshakata sketi za darasa zima.

Simu alimkabidhi mumewe aifiche. Hafidhi aliizika ndani ya debe la unga, jikoni. Hapo palikuwa na utulivu hadi ilipoanza kulia humo humo, sauti nzito kama ya mtu aliyezibwa mdomo. Bi Mosi aliivumilia mara ya kwanza. Mara ya pili alitoka kitandani. Asubuhi Hafidhi alimkuta mkewe ana unga shavuni na sikioni.

"Nani aliyekupiga chapati?"

"Wrong namba," alisema Bi Mosi, akajipangusa.

Mtaa nao ukamhurumia, na huruma ya mtaa ni ushauri. Mmoja alimwambia anywe maziwa ya moto. Mwingine alimwambia aweke majani ya mlimao chini ya mto, akaamka ana mafua. Joyce, msusi wa nyumba ya pili, akamwambia ahamie Kinole kwa muda. "Bi Mosi, kule kwenu juu kuna baridi, kuna giza, hata mtandao unashika kwa kubahatisha. Nenda ukalale kama mtoto."

Hilo liliwaingia wote wawili. Kinole ndiko kwao, yeye na Hafidhi, kila mmoja na upande wake wa mlima. Ijumaa wakafunga kibaraza, wakapanda. Mama mdogo wake Bi Mosi, anayeitwa Maimuna, akawatandikia kitanda chenye godoro la sufi na blanketi zito. Ukungu ulishuka mapema, vyura wakaanza, na harufu ya karafuu zilizoanikwa ilijaa nyumba. Bi Mosi alivuta pumzi, akasema moyoni, leo.

Mlango ukabishwa.

Alikuwa binamu yake. Amesikia dada kaja. Nyuma ya binamu kulikuwa na watoto wa kaka wa binamu, na nyuma yao wajomba wawili wenye fimbo. Kwa Waluguru shamba la ukoo hupita upande wa mama, na marehemu mmoja alikuwa amepanda mikarafuu kwenye shamba la ukoo wake, kisha wanawe wakasema mikarafuu ni jasho la baba yao. Jambo hilo lilikuwa limekaa miaka likingoja mtu anayejua kusikiliza. Walisalimiana shikamoo na marahaba kwa mzunguko mrefu, wakakaa, na Mama mdogo Maimuna akaweka chai. Jumamosi usiku walikuja wa upande wa pili wa mto. Jumapili walikuja ambao hawakuwa na kesi ila hawakutaka kupitwa.

Jumatatu walipopita zahanati wakiwa njiani kurudi nyumbani, Eufrazia alitazama mashine, akamtazama Bi Mosi.

"Mama, si mlisema mnakwenda kupumzika?"

"Tulipumzika," alisema Hafidhi. "Mimi."

Njia nzima ya kurudi Bigwa, Bi Mosi aliwahesabu waliobisha hodi Kinole. Alikuwa amegundua jambo asilolipenda. Alidhani usiku wa Bigwa ndio mbaya, kumbe usiku huo alikuwa akiubeba mwenyewe, kama ule mkoba wake wa mikasi. Jioni ile, kabla ya magharibi, aliwatangazia waliokuwa benchini: kuanzia leo kesi zote zitasikilizwa asubuhi baada ya chai hadi adhuhuri. Baada ya isha, yeye si fundi, si shangazi, si wifi wa mtu yeyote.

"Na ikiwa ni jambo la dharura?" aliuliza Joyce.

"Nyumba ikiungua, niamsheni. Mtu akiugua, niamsheni. Mtu akiudhiwa, alale nalo."

Mtihani haukuchelewa. Ulikuja na Joyce mwenyewe.

Jirani yake Joyce ni Mzee Bartholomeo, aliyefanya kazi maisha yake yote kwenye mashamba ya miwa huko Kilombero, akastaafu, akaja kujenga Bigwa kwa ajili ya hewa. Alikuwa na jogoo mwekundu, mkubwa, mzuri, asiyejua saa. Jogoo huyo aliwika jua likizama, akawika watu wakiwa wanakula, akawika mara taa ya gari ilipomulika ukuta. Usiku ule aliwika chini ya dirisha la Joyce, na Joyce akatoka na kandambili. Akaitupa, ikamkosa jogoo, ikampata Mzee Bartholomeo aliyekuwa anatoka kuangalia kulikoni.

Wakafika getini kwa Bi Mosi pamoja, mmoja ameshika kandambili, mwingine ameshika jogoo.

Hafidhi ndiye aliyetoka. Alikuwa amevaa msuli na ameshikilia tochi, ambayo hakuiwasha kusudi, maana nesi alisema taa zipunguzwe.

"Shikamoo baba," alisema Joyce akihema. "Tunamtaka Bi Mosi."

"Marahaba. Kalala."

"Hajalala," alisema Mzee Bartholomeo. "Namsikia anajigeuza."

Ilikuwa kweli. Ndani, Bi Mosi alikuwa ameketi kitandani, miguu imeshagusa sakafu, masikio yote mawili yako getini. Alishajua kosa ni la nani. Alishajua hata swali atakalouliza.

"Bwana Bartholomeo," alisema Hafidhi kwa upole, "mimi nimeendesha lori milimani miaka mingi. Nikiambiwa breki zinahitaji kupoa, nasimama. Nendeni, mje asubuhi."

"Na jogoo?"

"Mfunike kapu. Giza likimzidi, atadhani ni usiku."

Wakaondoka wakinung'unika. Asubuhi Bi Mosi aliwahi kibarazani, akafuta benchi, akaweka chai, akasubiri. Kwanza alikuja Joyce, peke yake, akiulizia gauni. Bi Mosi akamuuliza habari ya jogoo.

"Aa, yule," alisema Joyce. "Mzee alimfunika kapu, akanyamaza. Halafu asubuhi kaniletea mayai." Akafikiri kidogo. "Sasa jogoo na mayai wapi na wapi? Nadhani alikuwa anaomba radhi."

Ikawa ndio mtindo. Kati ya ugomvi uliotakiwa kuja usiku, mwingi haukufika asubuhi. Watu waliamka wakakuta hasira imepungua, imebaki ya kusimuliana tu. Kesi zilizofika zilikuwa zile zenye uzito kweli, na kwa kuwa Bi Mosi alikuwa na akili ya asubuhi, alizimaliza upesi zaidi.

Ungetegemea afurahi. Hakufurahi.

Usiku mmoja alikuwa amelala, chai ya jioni ameshaiacha, dagaa ameshawaacha, simu iko sebuleni imezimwa kabisa, na geti halikugongwa. Wala usiku uliotangulia halikugongwa. Hafidhi alikuwa amesema alfajiri njema kitambo, lakini kwa bahati alikuwa bado hajapitiwa.

"Unasikiliza nini?" alimuuliza.

"Sisikilizi kitu."

"Mama Yasmin, hata shingo umeinua."

Akairudisha shingo kwenye mto. Akasema kwa sauti ndogo, "Hawaji."

"Si ndivyo ulivyotaka?"

"Ndivyo." Akavuta shuka. "Sasa wakizoea kutokuja?"

Hafidhi alielewa, ingawa ilimchukua muda. Alikuwa amelala karibu na mwanamke huyu tangu Yasmin hajazaliwa, na alidhani kinachomkosesha usingizi ni makelele ya watu. Hakujua kwamba sehemu moja ya mkewe ililala macho kwa kuogopa usiku ambao hakuna atakayemhitaji. Akamgeukia. Akasema lililomjia.

"Mimi nimekuja. Nina kesi."

"Kesi gani, wewe?"

"Namshitaki mke wangu. Kila usiku ananivutia shuka."

Bi Mosi alianza kucheka taratibu, akacheka hadi kitanda kikalia, akafuta macho kwa ncha ya kanga. Walipotulia akamuuliza swali ambalo, kwa miaka yote ile, hakuwahi kumuuliza.

"Hivi wewe ukifumba macho, unafikiria nini?"

"Mimi? Nafikiria njia ya kwenda kwa mama. Kule Kinole. Naacha lori pale chini, naanza kupanda kwa miguu, polepole."

"Halafu?"

"Halafu sijui. Sijawahi kufika."

Kesho yake Bi Mosi akaijaribu ile njia. Akafumba macho, akaliacha lori chini, akaanza kupanda. Hatua chache tu akakutana na binamu yake amekaa juu ya jiwe. "Dada, ile mikarafuu..." Mbele kidogo kulikuwa na mama wa lile shati. Kwenye kijito alimkuta Mzee Bartholomeo anamnywesha jogoo maji. Akafumbua macho amechoka kuliko alivyoyafumba.

"Njia yako imejaa watu," alimlalamikia Hafidhi.

"Umepita saa mbaya. Mimi huwa napita hakuna mtu." Akajiweka sawa kwenye mto. "Hebu tulia, nikupitishe mwenyewe."

Sasa lazima tuseme jambo kuhusu Hafidhi. Ni mume mwema, lakini kwa kusimulia hana afadhali. Ana macho ya dereva, anaona kila kitu na hapambanui kikubwa na kidogo. Akaanza pale chini. Akasema kulia kuna ukuta wa mawe. Mawe yenyewe ni makubwa chini, madogo juu. Ukimaliza ukuta kuna mgomba, na baada ya mgomba kuna mgomba. Huu wa pili umeinama kidogo. Halafu njia inakata kushoto, kuna mizizi, hapo lazima uinue mguu. Bi Mosi aliweka pumzi zake kwenye hatua zake, akivuta anapopanda na kuzitoa anapopumzika. Alitaka kumuuliza ule mgomba umeinama upande gani. Lakini lilikuwa swali lisilo na mdai wala mdaiwa, akaona linaweza kusubiri. Wakafika kijito cha kwanza. Maji yalikuwa ya baridi. Kuna jiwe la kukanyagia, alisema Hafidhi, bapa, na baada yake kuna jiwe jingine, bapa pia...

Adhana ya alfajiri ndiyo iliyomwamsha. Alishtuka akidhani ameugua.

"Tulifika wapi?" alimuuliza mumewe.

"Wewe uliishia mtoni. Mimi nilikwenda kidogo, nikaona nisikuache nyuma."

Tangu hapo ikawa ndio desturi yao. Beseni la maji ya vuguvugu kwa ajili ya miguu iliyokanyaga pedeli kutwa, taa ndogo, swala, kisha safari. Ziko siku usingizi uligoma, na Bi Mosi hakugombana nao. Aliinuka akakaa sebuleni gizani, akavuta tasbihi hadi kope zikawa nzito, akarudi. Kidonge alikimeza kila asubuhi, kabla hajagusa cherehani. Alipokwenda kliniki baada ya miezi kadhaa, mashine ilisema mia thelathini na kitu. Eufrazia akapima mara ya pili kwa kutoamini.

"Mama, hongera sana."

"Kwa hiyo vidonge niache?"

"Thubutu!" alisema Eufrazia, na kwa mara ya kwanza akacheka. "Imeshuka kwa sababu unameza, unakula vizuri na unalala. Ukiondoa kimoja, itapanda tena. Usiniharibie kazi."

Mwezi wa Ramadhani ulipokaribia, Bi Mosi hakusubiri kuharibikiwa. Alikwenda mwenyewe kuuliza itakuwaje, maana tarawehe inachelewesha watu na daku inawaamsha, na kidonge hakiwezi kumezwa mchana. Daktari akampangia dawa aimeze wakati wa kufuturu, akamwambia apime mara kwa mara na asifiche akijisikia vibaya. Eufrazia akampangia usingizi: akitoka tarawehe, moja kwa moja kitandani bila kusimama kwenye kibaraza cha mtu. Na alasiri ajilaze kidogo, afidie.

Kwa hiyo alasiri moja katika kumi la kwanza la mfungo, Mzee Bartholomeo alipokuja kuchukua suruali yake, alimkuta Bi Mosi amejinyoosha kwenye mkeka kando ya cherehani, kanga usoni, kifua kinapanda na kushuka kwa mwendo mmoja. Suruali ilikuwa imekunjwa juu ya meza, anaiona. Angeweza kuichukua akaenda zake. Lakini kulikuwa na upepo wa mlima kibarazani, na mtaa mzima ulikuwa kimya kwa swaumu. Akakaa kwenye benchi kumsubiri. Joyce alipopita baadaye na sufuria ya futari kichwani, aliwakuta wawili, fundi chini na mteja juu, wote wanakoroma, akaingia jikoni kwa ncha za vidole na kuiweka sufuria bila kuigonga popote.